Habari Ziwafikie wa Changamwe

Baba alifariki Jumanne usiku. Jumatano saa tatu asubuhi mwenyekiti wa kamati ya mazishi akanifuata uani na daftari mkononi, akaniambia mwanangu wewe ndo unajua kuandika, kaa pembeni utuandikie wasifu wa marehemu, saa nane kijana anaupeleka kuchapa. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikaanza kama wanavyoanza wote, marehemu alizaliwa mwaka 1951 Muheza mkoani Tanga, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa marehemu mzee fulani na marehemu bibi fulani, halafu kalamu ikasimama. Nikamuuliza baba mdogo, Babu walizaliwa wangapi? Akasema wanne. Shangazi akadakia kutoka kwenye sufuria la chai, watano, kuna mmoja alikwenda Mombasa. Baba mdogo akasema huyo simjui. Shangazi akasema na mimi simjui ila yupo.

Hiyo "simjui ila yupo" ndo iliyonifanya niandike haya yote. Wasifu ulisomwa, tukazika, matanga tukaanua, watu wakarudi makwao, ila mimi ile sentensi haikunitoka kichwani. Inawezekanaje mtu mzima, dada wa damu wa Babu yetu, abaki kwenye ukoo kama tetesi?

Baba alikuwa na sanduku la chuma chini ya kitanda ambalo enzi za uhai wake hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Tulilifungua baada ya arobaini, mbele ya mashangazi. Juu kulikuwa na hati ya kiwanja na vyeti vyake vya shule, katikati kadi ya TANU ya Babu na stakabadhi za kodi zimefungwa kwa uzi, na chini kabisa, ndani ya bahasha ya kaki, karatasi mbili. Moja ni kipande kilichokatwa gazetini, nyingine ni karatasi ya daftari la shule imeandikwa kwa mkono, imekunjwa mara nne mpaka pale kwenye mikunjo maneno yameliwa.

Hiyo ya mkono ilikuwa tangazo la redio la kifo cha Babu. Kwa mliozaliwa juzi niwaeleze, zamani kwetu tanzia haikuwa kitu cha gazeti, ilikuwa kitu cha Redio Tanzania Dar es Salaam. Mtu akifa mnaandika tangazo, linapelekwa, halafu linasomwa hewani na kila nyumba yenye redio watu wananyamaza kusikiliza kama jina lao litatajwa. Mwanzo wake unafanana siku zote, familia ya fulani wa mahali fulani inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao kilichotokea jana, kisha yanakuja maneno ambayo kwangu mimi sasa ndo hazina yenyewe: habari ziwafikie. Habari ziwafikie fulani wa Korogwe, fulani wa Pangani, fulani na fulani wa Moshi, na ndugu, jamaa na marafiki wote popote walipo, atakayesikia tangazo hili amwarifu na mwenzake.

Sasa fikiria vizuri hiyo orodha ni nini. Ni ukoo mzima uliopangwa na mtu aliyefiwa, usiku, akijua kabisa kwamba atakayemsahau atakuja kulalamika maisha yake yote. Haandiki kwa kufurahisha mtu. Anaandika wale ambao lazima wajue, na anawaandika na mahali walipo siku hiyo. Cheti cha kifo kinakwambia marehemu alikufa lini na wapi, orodha ya habari ziwafikie inakwambia alikuwa wa nani. Na kwenye ile karatasi yetu, baada ya Korogwe na Pangani na Moshi, kuna mstari mmoja ambao wino wake umefifia lakini unasomeka: na dada yake wa Changamwe, Mombasa. Jina lake lipo, la ubatizo na la baba yake. Nililia pale pale jamani, siwezi kuficha. Shangazi akasema si nilikwambia.

Nikachukua ramani ya kawaida ya shule nikaweka alama kwenye ile miji. Korogwe, Moshi, Changamwe. Hapo ndo nikaelewa kitu ambacho hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuniambia, kwamba ukoo wetu ulitembea na reli. Babu alifanya kazi ya reli, hilo tulilijua, lakini sikuwahi kukaa nikafikiria kwamba ile njia ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 wakati wa Mjerumani, na kwenye vita vya kwanza Mwingereza akatandika ya kwake kutoka Voi kupita Taveta mpaka zikaungana, kwa hiyo mtu wa Muheza angeweza kupanda garimoshi akaenda kutokea Mombasa. Na Changamwe ni pale pale penye reli. Kwa hiyo "alikwenda Mombasa" haikuwa kupotea, ilikuwa kuolewa na mtu wa reli na kuhamia alikohamishwa mume.

Kipande cha gazeti nacho kilikuwa cha Kumbukumbu. Mnazijua, picha ndogo ya pasipoti, chini yake "unatimiza miaka 10 tangu ututoke", halafu unakumbukwa na mkeo, watoto wako, wajukuu zako, na kadhalika. Shida ni kwamba aliyekata alikata vizuri mno, akakata na tarehe. Sasa hapa nataka niwape kitu kimoja ambacho kimenisaidia kuliko vyote: geuza karatasi. Kila mtu anaangalia upande wenye picha ya marehemu, hakuna anayeangalia mgongo. Mgongoni kwa kipande chetu kulikuwa na nusu ya habari, mistari imekatwa upande wa kulia, lakini inaongelea majeshi yetu na mji wa Kampala kuwa mikononi. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Kwa hiyo gazeti ni la siku hizo hizo, na ukitoa miaka 10 unapata Aprili 1969, ambayo ndo mwaka Babu aliofariki kwa maelezo ya shangazi, japo yeye alikuwa hana uhakika na mwezi. Nikaenda maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale kwenye mkusanyiko wa East Africana wanapotunza magazeti ya zamani, nikapekua Uhuru la Aprili ile ukurasa kwa ukurasa mpaka nikaiona ile picha ya Babu ikiwa nzima, na tarehe yake juu.

Na kwenye ile orodha ya wanaomkumbuka kuna maneno haya: na dada yako aliye mbali.

Mwaka 1969 alikuwa na jina na ana mahali. Mwaka 1979 amekuwa "dada yako aliye mbali". Nilikaa na hayo maneno mawili kwa siku nyingi kabla sijaunganisha. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo huo, na mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Sisi wa kizazi changu tunalisoma hilo kama habari za viongozi na mali za shirika la reli na ndege. Kumbe kwa watu wa Muheza ilikuwa na maana kwamba dada yako aliye umbali wa safari ya siku moja hawezi kuja kukuzika wala wewe kwenda kumwona mtoto wake. Miaka sita na zaidi. Kwa mtu asiyejua kuandika barua hiyo inatosha kabisa kukata ukoo vipande viwili, na mpaka ulipofunguliwa wale waliokuwa wanajuana walikuwa wamezeeka au wamekufa, waliobaki ni watoto ambao hawajawahi kuonana.

Kabla sijafika Mombasa nilipoteza karibu mwaka mzima nyuma zaidi, nikimtafuta baba yao, yaani baba yake Babu. Nilijiwekea kwamba lazima atakuwa ametajwa Mambo Leo. Hilo lilikuwa gazeti la kila mwezi lililotolewa na idara ya elimu ya serikali ya Tanganyika kuanzia Januari 1923, na uzuri wake ni kwamba watu wa mikoani walikuwa wanaandika wenyewe habari za kwao, nzige, mvua, simba, mwalimu kahamishwa, fulani kafariki, na mashairi mengi sana. Nilisoma mpaka macho yanauma. Sikumkuta. Lakini nilijifunza nani anaingia gazetini na nani haingii. Mwalimu anaingia, karani anaingia, padri, jumbe, mtunga mashairi. Mkulima wa machungwa na mihogo haingii hata akiishi miaka 90 na akazaa watu wote hawa. Mwanamke ndo kabisa, akitajwa anatajwa kama mke wa au mama wa, na jina lake mwenyewe anabaki nalo nyumbani.

Na kuna wengine hawakuingia popote. Kwenye ukoo wetu yuko mdogo wake baba yake Babu anayeitwa tu "aliyechukuliwa na vita", hana kaburi, hana picha, watoto hana. Alibebeshwa mizigo kwenye vita vya Mjerumani na Mwingereza. Ni wale wale wapagazi wa Carrier Corps waliotuachia jina la Kariakoo hapa Dar, na Kariokor kule Nairobi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa kwenye vita vya kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao kwenye kumbukumbu zozote au hawakukumbukwa kabisa. Niliposoma ile namba nilimfikiria huyu babu yetu mmoja tu. Kila siku watu wanapita Kariakoo wananunua vitenge na simu, na pale ndo penye jina la kazi iliyomuua.

Basi nikarudi kwa Bibi wa Changamwe. Kanisani kijijini nilipata baraka moja, daftari la ubatizo lenye jina lake, la baba yake, la kijiji na la msimamizi wake. Kijani cha unyevu kimeshakula kingo za kurasa, nilipiga picha kila mstari kwa simu kwa ruhusa ya padri. Sasa na jina hilo nikaanza kutafuta Kenya kwenye intaneti na sikupata kitu, miezi na miezi. Kwenye magazeti ya Kenya matangazo ya vifo yana kila kitu, mwana wa marehemu fulani, mume wa, baba wa, kaka wa, babu wa, mpaka majina ya wakwe na wanafanya kazi wapi, yaani tangazo moja linajaza nusu ya mti wa ukoo. Ila huyu hakuwamo.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu mmama wa Kimombasa. Akaniuliza, huyo mumewe alikuwa dini gani? Nikasema sijui. Akasema basi mwanangu unatafuta jina alilolivua. Akiolewa na Mwislamu Changamwe miaka ile hataitwa tena la ubatizo. Mtafute kwa jina la babake, sisi kwetu mwanamke ni binti fulani mpaka anaingia kaburini.

Nikabadilisha. Jina la baba yao ni la Kibondei na si la kawaida, hiyo ilikuwa bahati yetu. Nikaingia kwenye Kenya Gazette, lile gazeti rasmi la serikali linalotoka kila Ijumaa, matoleo yake ya miaka mingi sana yameskaniwa na kuwekwa Google Books na unaweza kutafuta neno ndani yake bure. Watu wanadhani gazeti la serikali ni la sheria na uteuzi wa mawaziri tu, lakini nusu yake ni mirathi. Mtu akifa ameacha kiwanja au pesa benki, wanaotaka kusimamia mali lazima watangazwe humo, na tangazo linataja marehemu ni nani, wa wapi, alikufa lini, waombaji ni nani na ni nani wake, mjane, mtoto wa kiume, binti, halafu mwenye pingamizi anapewa siku 30. Hakuna maneno ya majonzi lakini kila uhusiano umeandikwa mbele ya mahakama.

Ila ukitafuta usitafute kwa herufi zilizo sahihi peke yake. Mashine inayosoma zile skani inakosea, r na n zikikaribiana inasoma m, herufi i inageuka l, kwa hiyo nilikuwa naandika jina la baba yao kwa kila namna ninayoweza kufikiria kwamba karani au mashine angelikosea. Ukiwa unatafuta nyaraka za Mjerumani ndo usisahau kabisa, Muheza wao waliandika Muhesa, Bagamoyo ni Bagamojo, Ujiji ni Udjidji, Kilosa ni Kilossa. Nililipata kwa njia ya nane au ya tisa. Toleo la mwaka 1986, Mahakama Kuu ya Mombasa, marehemu mzee fulani wa Changamwe, na mwombaji wa kwanza ni mjane wake, jina la Kiislamu nisilolijua, binti, halafu jina la baba yake Babu.

Nilijizuia. Nimeona watu wengi wakipata jina linalofanana wanatangaza kwenye grupu la WhatsApp la ukoo kwamba wamepata ndugu, kisha inakuwa aibu. Jina kufanana si ushahidi. Nikaandika ninavyovijua kwa uhakika: mahali, jina la baba, umri ungekuwa karibu miaka 65 wakati huo, mume mtu wa reli, bado ya mume sikuwa na uthibitisho. Halafu nikachukua likizo, nikapanda basi, nikavuka Horohoro.

Changamwe sikukaa kutwa nzima kutafuta kama nilivyoogopa. Nilikwenda msikitini baada ya alasiri nikasubiri nje nikiwa nimejifunga mtandio, mzee mmoja akaniuliza wamtaka nani, nikamtajia lile jina la mwombaji wa pili, mtoto wa kiume. Akasema huyo katangulia zamani. Dadake yuko. Wale wa Tanga? Nyumba yao ile yenye mkwaju. Aliposema wale wa Tanga miguu iliniisha nguvu.

Mama mwenyewe ana miaka 75, kakaa kibarazani anachambua mchele. Nikamshika mkono, shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, wewe wa kina nani? Sikujua nianze vipi. Nikatoa bahasha ya kaki nikamwomba nimsomee karatasi. Nikasoma kama walivyosoma redioni, familia inasikitika kutangaza kifo, habari ziwafikie fulani wa Korogwe, fulani wa Pangani, na dada yake wa Changamwe, nikataja lile jina la ubatizo. Ungo ukasimama. Akasema, hilo jina nililisikia siku moja tu.

Alikuwa na miaka 21. Mamake alikuwa anasonga sima, redio iko dirishani, Redio Tanzania walikuwa wanaipata vizuri tu pale. Likasomwa lile jina na mamake akauacha mwiko ndani ya sufuria, akatoka nje bila kusema kitu, na yeye akabaki anashangaa kwamba hilo tangazo la watu wasiowajua limemfanya nini mama. Sima iliungua. Jioni ile ile mama alifunga leso mbili, sisi huku tunaita kanga, akaenda kupanda basi la Tanga. Alifika wameshazika. Alikaa matanga siku saba akarudi, na kila mwaka baada ya hapo alikwenda, mpaka mpaka ulipofungwa.

Nikamwonyesha na picha ya lile tangazo la 1979. Alisoma mwenyewe, taratibu, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye "dada yako aliye mbali" alivua miwani. Akasema hii hakuiona. Angeiona hii.

Tulikaa mpaka isha. Nilikuwa nimechora mti wetu kwenye karatasi kubwa, nikamkunjulia chini kwenye mkeka, matawi ya Muheza yamejaa na lile la Changamwe nimejaza kutokana na gazeti la serikali, majina mawili tu, yeye na kakake. Aliangalia sana. Akasema umemwacha mmoja. Mimi nikasema kwenye mirathi wako wawili. Akasema mirathi ni ya walio hai. Kabla yetu alikuwapo wa kwanza, mama alikwenda kujifungulia kwao Muheza kama ilivyo ada, mtoto wa kiume, akamwita jina la kakake, huyo babu yako, hakumaliza mwezi. Kazikwa huko huko kwenu, nyuma ya nyumba, mama alikuwa akienda lazima apite pale kwanza kabla hajamwamkia mtu.

Hakuna cheti cha huyo mtoto, hakuna daftari la kanisa, wala redio haikumtaja. Nikampa kalamu nikamwomba aniandikie kwa mkono wake. Akarudisha miwani, akainama kwenye mkeka, akaandika jina la Babu juu ya jina lake yeye, kwa herufi kubwa, na mbele yake akaweka mwaka, 1944.